JE, CHUJIO LA REJETA LAFAA?

Baadhi ya wenzetu hapa Igwachanya wataka magari ya kazi yatiwe chujio katika njia ya maji ya rejeta, ili mirija yake isizibe. Jambo si dogo: gari likichemka njiani kwenda Njombe, mgonjwa aliyemo hulala barabarani. Lakini kwa gari dogo twaona gharama hiyo haijafikiwa zamu yake.

Chujio hushika kutu na mchanga uliosalia ndani ya chuma tangu kiwandani. Chumvi na chokaa zilizokwisha kuyeyuka majini hupita, nazo ndizo zigandazo ndani kwa joto. Dereva ajazaye maji ya mto kila safari, chujio litamfaa nini?

Tena nchi yetu ni ya juu. Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka yapata nyuzi 93, si 100, na injini hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kizuiacho ni mfuniko wa rejeta, ubanao maji yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, kazi imekwisha. Mfuniko ni wa bei ndogo, wala hatujasikia mtu akiuomba!

Malori makubwa ya dizeli yana hoja yake, maana viputo vya maji hutoboa kuta za silinda, na machujio mengine hubeba dawa ya kuzuia hayo. Huko hatubishi.

Kwa gari la ofisi, fedha ianze kwa kuosha rejeta, mfuniko mpya, na dawa ya rejeta nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Kutu ikionekana tena baada ya hayo, chujio na liombwe.