MIZANI YA HAKI KATIKA MAZIWA YA WATOTO

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kupotosha mizani ili kumnyonya maskini. Kemeo hilo twaona lawahusu pia wenye kupima kile kisichoonekana kwa macho.

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka. Ng'ombe walikula majani yaliyoangukiwa na iodini-131, na watoto wakanywa maziwa kabla ya wakubwa kusema neno. Kufikia mwaka 2005, miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana wakati ule katika Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi, walikwisha kuhesabiwa wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa ya madhara hayo yatokana na maziwa yale.

Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Sampuli iliyokaa mwezi mzima kabatini hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi. Anayeipima bila kuhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kukamua atatoa jibu la kupendeza, nalo ni uongo. Strontiamu-90, ikaayo mifupani, haionekani kwa chombo kipimacho sesiamu. Sharti kwanza itengwe kwa kemikali. Basi cheti kinaposema "salama", ni salama na kitu gani?

Tena kuna suala la unga. Maziwa yakikaushwa, maji huondoka na sesiamu hubaki, hata kilo ya unga huwa na nyingi kuliko kilo ya maziwa yaliyotoka kiweleni. Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 370 kwa kilo. Kilo ya nini? Asiyeuliza hudanganywa kwa namba ya kweli.

Twaambiwa haya ni ya wataalamu. Hatukubali! Mama anunuapo sukari hajui fizikia, lakini hutazama mshale uanzie sifuri. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limetoa unga wa maziwa wenye kiwango kinachojulikana, ili maabara zijipime zenyewe.

Kwetu Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mionzi katika vyakula viingiavyo nchini. Halmashauri za walei zinapopokea maziwa ya msaada kwa ajili ya vituo vya watoto, ziombe cheti kabla gunia halijafunguliwa: kionyeshe namba, tarehe ya sampuli, kilichotafutwa, na kiasi ambacho kipimo chaweza kukosea.