Mboga mbichi, sawa, lakini imemwagiliwa maji gani?
Ni kweli, mwandishi wa makala ya kula vyakula vibichi, moto hupunguza vitamini C. Lakini anayekula vibichi pekee hapa Nairobi ana kikwazo ambacho hukukigusa: maji. Baadhi ya sukuma wiki hukuzwa kwa maji taka kandokando ya Mto Nairobi, na mnunuzi wa soko la Kangemi au Marikiti hawezi kuitambua kwa macho. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata hata waliokula hotelini, si wakazi wa mitaa ya mabanda peke yao. Utasema tuoshe mboga kwa chumvi. Chumvi haiui vijidudu vyote. Maharagwe mekundu nayo, yakiwa mabichi, yana sumu inayoondoka tu yakichemshwa vizuri. Kwa vyakula vibichi, parachichi, papai na ndizi zinatosha, zikioshwa kabla ya kumenywa, maana kisu huingiza uchafu wa ganda ndani.