GHALA LISIJENGWE BONDENI

Ndugu wanaushirika,

Imesemwa mkutanoni, na wengine wakapiga makofi, ati ghala la mpunga lijengwe bondeni karibu na mashamba, maana mvua ya hapa kwetu ni ndogo. Jamani! Nani kawaambia Rufiji inajaa kwa mvua ya hapa?

Mto huu una mikono mitatu. Kilombero inatoka milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe. Luwegu inatoka huko kusini. Hiyo miwili inakutana Shuguri, ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Mkuu nao unashuka toka Mbeya, unaingia kabla ya korongo lilikojengwa Bwawa la Nyerere. Eneo lote linalotumwagia maji ni kama kilomita za mraba 177,000. Tone likianguka huko na kuingia mtoni, njia yake ni kupita hapa. Basi sisi tunaanika mpunga juani, kumbe maji yako njiani.

Zaidi ya nusu ya maji yetu ni ya Kilombero. Kule liko bonde pana, maji yanatanda kwanza, ndiyo yanakuja taratibu baadaye. Halafu tazameni udongo. Mvua za kwanza ardhi inazinywa. Ikifika Machi na Aprili imeshiba, haina pa kuziweka, mvua ileile ya Desemba sasa inakimbilia mtoni. Na mikono yote ikijaa pamoja, ni kama wageni wa harusi wa vijiji vitatu kufikia mlango mmoja.

"Bwawa litazuia." Linazuia likiwa na nafasi! Mwaka 2024 lilijaa, maji yakaachiwa, na Aprili ile Rufiji na Kibiti wameona. Na ninyi mnaosema bwawa ndilo lililoleta yote: bwawa halinyeshi mvua, ndugu zangu.

Sisemi tulihame bonde. Maji yakiondoka yanaacha tope zuri, tunalima mlau. Wazee walilijua hilo, wakajenga madungu, wakalala juu. Lakini mtu hubeba mkeka wake akakimbia. Ghala halikimbii, na ndani yake mna mbegu ya kijiji kizima.

Jumamosi saa nne tunapiga kura. Mchanga umeshamwagwa bondeni, naona ili tuone aibu kuuhamisha. Trekta la ushirika lipo. Upakiwe, upelekwe juu karibu na shule.

Katibu wa Tawi