Lumbesa Haitokani na Ujinga

Panda basi Makambako kwenda Njombe. Kabla hujafika utakuwa umesikia hukumu nzima: maadili yamekwisha, watu hawajui tena jema na baya. Wasemaji ni wazee wangu, nawaamkia kwanza: kamwene. Ila hoja zao hazisimami.

Eti watu hawajui. Nenda msimu wa viazi ukatazame gunia likijazwa. Likishajaa linaongezewa kichwa, linashonwa kwa kamba mpaka linavaa kilemba. Ndiyo lumbesa. Mkulima anajua ni wizi, dalali anajua, na mpakiaji anajua, mgongo unamwambia. Sheria nayo iko wazi: gunia lisizidi kilo 100. Hapo nani amepungukiwa na mafunzo ya maadili? Mkulima ana viazi vinavyoanza kuchipua, mnunuzi ana lori, na mkulima huyu akigoma, jirani yake atauza.

Eti zamani tuliafikiana kuhusu jema na baya, na kuafikiana kulitulinda. Hapa ndipo ninapowapinga hasa. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe. Serikali iliyahusisha mauaji yale na imani za kishirikina za kutafuta utajiri, na waganga wa kienyeji walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Imani kwamba kiungo cha binadamu huleta mali haikuja na simu za mkononi. Tumeikuta, imepokezwa kimyakimya. Mkisifu mambo tuliyoyajua pamoja, na hilo lihesabuni.

Eti mji umeharibu watu. Makambako ni njia panda, kweli: barabara ya Songea inachepuka hapo, TAZARA ina stesheni, malori yanalala. Lakini mama lishe anayemkopesha dereva wali maharage mpaka arudi kutoka Tunduma hajui hata ukoo wake. Anamwamini, basi.

Moja nawapa. Siku hizi ukimkemea mtoto wa jirani unaulizwa wewe ni nani. Lakini hata huyo anayeuliza anajua mtoto kakosa. Kilichopungua ni watu walio tayari kuchukiwa kwa kusema.

Kwa hiyo, mzee wangu, msimu ujao ukiona gunia limevaa kilemba, usingoje kuyasema ndani ya basi. Yaseme palepale, mnunuzi akisikia.