NYUMBA NA JAMAA: Maungio ya Matofali Yaliyoliwa na Mvua

Mtu apitaye Mengo, Nsambya au Old Kampala huziona hata leo nyumba za matofali mekundu zilizojengwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1962. Baadhi ni makazi ya watumishi wa Serikali, baadhi ni urithi wa baba kwa mwana. Matofali yenyewe aghalabu ni mazima. Kilichochoka ni mota, yaani ule mchanganyiko uliolazwa baina ya tofali na tofali. Kidole kikipitishwa ukutani, mchanga humwagika. Na mama afagiapo kibaraza kila asubuhi hukuta mstari wa vumbi chini ya ukuta ule ule. Vumbi hilo latoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila konzi inayofagiliwa huacha nafasi ambayo maji ya mvua yatapitia safari ijayo.

Kazi ya tofali la kuchoma si ya jana katika mji huu. Mwishoni mwa karne ya 19, Borup wa misioni ya C.M.S. aliwafundisha vijana wa Buganda kufyatua matofali na kuyachoma, na kanisa kuu la matofali likawekwa wakfu juu ya kilima cha Namirembe mwaka 1904. Radi ililipiga mwaka 1910 likateketea. Hili lionekanalo sasa lilikamilika mwaka 1919. Wakatoliki nao walianza lao la Rubaga mwaka 1914, likawekwa wakfu mwaka 1925. Kiwanda cha Kajjansi, katika barabara ya Entebbe, kilianza mwaka 1950. Lakini matofali ya nyumba za watu wa kawaida yalitoka katika matanuri ya kuni, kando ya mabwawa na mabonde, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mtengenezaji wa leo. Katika tanuri la kuni, tofali lililokaa karibu na moto hutoka gumu lenye mlio kama kengele likigongwa, na lile la pembeni hutoka laini, lililoiva nusu. Yote mawili yalijengewa ukuta mmoja.

Tena, saruji ilikuwa ghali. Kwa hiyo mafundi wengi wa zamani walijengea kwa udongo, mara nyingi ule wa kichuguu unaoshikamana vizuri, kisha wakaziba uso wa nje wa maungio kwa saruji kidogo ili mvua isiingie. Wengine walitumia chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo waweza kudumu miaka mia moja madhali uso wake ni mzima. Uso ukianguka, udongo wa ndani hubaki wazi kwa mvua, na mchwa nao hawakawii kupata habari.

Njia ya kujua ukuta ni wa aina gani ni rahisi. Mwenye nyumba achukue msumari wa inchi nne, akwangue ungio moja mahali pasipoonekana sana, nyuma ya nyumba. Vumbi jekundu au la kahawia likitoka na kunata likiloweshwa, huo ni udongo. Vumbi jeupe lililo laini ni chokaa. Msumari ukiteleza na kuacha alama ya kijivu tu, hapo ni saruji, na yamkini ungio hilo halihitaji kuguswa. Si ajabu kuyakuta yote matatu katika nyumba moja, kwa kuwa kila mwenye nyumba aliyepita alikuwa na fundi wake.

Sasa hatari. Baba yuko kazini Karamoja au ng'ambo, mama amebaki na watoto, na ukuta wa chumba wanamolala unamwaga mchanga. Fundi anaitwa. Anautazama ukuta, anaupigapiga kwa nyundo, anasema: "Mama, hii kazi ndogo. Tununue mifuko ya saruji, tupige plasta ngumu nje yote, tumalize." Mama asikubali upesi. Ajibu kwa upole: "Mzee fundi, nakuheshimu. Lakini matofali haya ni laini. Saruji ngumu haitayaua?" Fundi wa kweli ataketi kueleza. Fundi wa haraka atakasirika, na hasira yake itakuwa imeokoa fedha za nyumba.

Maana ukuta wa matofali ya zamani hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha huloa kidogo. Jua likiwaka, unyevu hutoka, na hutoka zaidi kwenye maungio kwa sababu ndiyo laini kuliko tofali. Nyumba nayo hujongea kidogo kila mwaka, ardhi ikivimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na mota laini hukubali mjongeo huo bila kuvunja kitu. Maungio yakizibwa kwa saruji kali, maji hukosa mlango. Hubaki nyuma ya saruji na kutafuta njia ndani ya tofali. Baada ya misimu michache uso wa tofali hubanduka kama ganda, huku mstari wa saruji umebaki umejitokeza nje, mzima kabisa, ukiwa umeshikilia hewa. Mota iliyochakaa hubadilishwa kwa kazi ya siku chache. Tofali lililobanduka halirudishiwi ngozi yake. Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mota iwe laini kuliko tofali, wala isiwe ngumu kulizidi.

Lakini kabla ya kununua hata kopo moja la chokaa, yafaa kuuliza maji yanatoka wapi. Kampala ina mvua kubwa za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na hata nje ya miezi hiyo ngurumo za alasiri hazikosekani. Paa lisilo na mfereji humwaga maji yote mahali pamoja. Yakigonga ardhi hurukia ukuta, na ndiyo sababu maungio ya safu nne au tano za chini huliwa kabla ya yale ya juu. Mfereji uliotoboka ni mbaya kuliko kutokuwa na mfereji, kwa kuwa huelekeza maji sehemu moja mchana na usiku. Pengine udongo wa bustani umelundikwa mpaka juu ya msingi, au maji ya bafu yamwagwa kando ya ukuta. Mambo haya yatengenezwe kwanza. Mfereji uzibwe, udongo uondolewe mpaka msingi uonekane, na mtaro mdogo uchimbwe wa kuyapeleka maji mbali. Anayeziba maungio huku mfereji ungali unavuja atayaziba tena.

Zipo pia nyufa ambazo si kazi ya ukurasa huu. Ufa unaopanda kama ngazi, kutoka ungio hadi ungio, mpana juu na mwembamba chini, waonyesha kwamba msingi unakwenda. Achorwe mstari wa penseli kwenye ncha yake pamoja na tarehe, kisha atazamwe tena baada ya mwezi, na baada ya mvua. Ufa ukizidi, au ukuta ukiwa umefura tumbo na timazi kuonyesha kwamba umeinama, aitwe mhandisi, na watoto walale chumba kingine usiku huo huo. Hili halisemwi kwa kutishana. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, ng'ambo ya ziwa, liliangusha nyumba nyingi za matofali, na ukuta ambao matofali yake yamekaa juu ya vumbi hauna wa kuushika siku ya namna hiyo.

Ikiwa ukuta umesimama wima, kazi yaweza kufanywa na fundi mwangalifu, au na askari mwenyewe wakati wa likizo, akisaidiwa na kijana wake. Vyombo ni vichache: nyundo, tindo nyembamba, brashi ngumu, ndoo, karai, ubao bapa wa kubebea mota, na kipande cha chuma chembamba kisichozidi upana wa ungio. Mashine ya umeme ya kukatia iachwe dukani. Hukimbia, na ikikimbia hukata kingo za tofali, na kingo hizo ndizo zilizoungua vizuri.

Mota mbovu hutolewa kwa tindo mpaka kina kifikie mara mbili ya upana wa ungio. Ungio la sentimita moja lichimbwe sentimita mbili, mbili na nusu. Penye udongo ndani pasichimbwe zaidi ya hapo, kwa kuwa udongo huo ndio unaobeba ukuta. Kazi iende kwa vipande vidogo, mita moja hivi, na kipande kijazwe kabla ya kufungua kingine. Wapo waliofungua ukuta mzima Jumamosi wakitegemea kuujaza Jumatatu, na Jumapili mvua ikanyesha.

Vumbi liondolewe kwa brashi kutoka juu kwenda chini, na anayechimba afunge kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Kisha ukuta unyunyiziwe maji, ule kiasi, usubiriwe mpaka maji yasionekane yaking'aa juu ya tofali. Tofali kavu hunyonya maji ya mota mpya kwa dakika chache, na mota iliyonyonywa hugeuka mchanga tena. Makosa mengi ya kazi hii yatokea hapa, wala si katika vipimo.

Vipimo navyo ni hivi. Kwa matofali laini ya tanuri la kuni, kopo 1 la saruji, makopo 2 ya chokaa na makopo 9 ya mchanga, kopo likiwa lile lile. Matofali yakiwa magumu kama yale ya kiwandani, 1 kwa 1 kwa 6 yatosha. Nyumba iliyojengwa kwa chokaa tupu yafaa irudishiwe chokaa tupu, kopo 1 kwa mchanga makopo 3, ijapokuwa kazi yake ni ya polepole. Chokaa ya unga, ile ambayo watu wameizoea kwa kupaka kuta, ilowekwe maji usiku kucha mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Mwenye kuishika avae glavu. Ikimwingia jichoni, aoshe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha aende hospitali. Chokaa mbichi ambayo haijazimwa isiletwe nyumbani penye watoto, kwani ikipata maji huchemka.

Mchanga upimwe. Chupa nyeupe ijazwe mchanga hadi nusu, iongezwe maji karibu ijae, itikiswe sana, iachwe mpaka kesho. Tope likikaa juu ya mchanga kuzidi sehemu moja ya kumi, mchanga huo ni mchafu, nao uoshwe au ubadilishwe. Mchanga wa Lwera, katika barabara ya Masaka, hutumika sana mjini, lakini jina zuri la mahali halizuii mchuuzi kuuchanganya njiani. Upitishwe katika wavu mwembamba ili mawe yasizuie kujaza.

Mota iwe kavu kuliko ya kujengea. Ikikandwa mkononi ishikamane bila kuchuruzika. Mchanganyiko wenye saruji utumike ndani ya saa mbili, na uliokauka usirudishiwe maji. Ungio hujazwa kwa tabaka za sentimita moja hivi, kila tabaka ikisindiliwa kwa kile chuma chembamba, tabaka ya pili ikingojea ya kwanza ishike. Ikijaa, isilainishwe mara moja. Dole gumba likibonyezwa na kuacha alama hafifu bila kushika mota, wakati umefika. Mstari ukandamizwe uingie ndani kidogo, ili maji yateremke juu ya uso wa tofali bila kutuama. Wale wapendao kuutokeza mstari nje na kuupaka rangi nyeupe wanapendeza macho ya wapita njia, nao wameyajengea maji rafu ya kukalia.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Juni na Julai, mvua inapopungua. Jua nalo ni adui: upande wa mashariki utengenezwe alasiri, na wa magharibi asubuhi, ili fundi na mota wawe kivulini. Baada ya kazi, magunia yaliyoloweshwa yatundikwe mbele ya ukuta na kunyunyiziwa asubuhi na jioni, siku tatu kwa mota yenye saruji, wiki nzima au zaidi kwa ya chokaa tupu. Kazi hii ya magunia yafaa apewe mtoto mmoja kwa jina, maana ikiachiwa wote haina mwenyewe.

Kwa jamaa waishio katika nyumba za kambi, iwe Naguru, Nsambya au Mbuya, nyumba ni mali ya Serikali. Askari asianze kuchimba ukuta kabla ya kupeleka taarifa kwa ofisa anayeshughulikia makazi, naye aiandike kwa karatasi: namba ya nyumba, ukuta wa upande gani, urefu wa sehemu iliyoharibika, na kama maji yanaingia ndani. Nakala abaki nayo. Akipewa ruhusa ya kutengeneza mwenyewe, mama na watoto wajue ni vipimo gani vimetumika. Viandikwe nyuma ya mlango wa stoo kwa penseli, pamoja na mwezi na mwaka, kwa kuwa uhamisho huja, na jamaa itakayoingia katika nyumba ile itakuta kuta ambazo haikuzijenga.