Historia ya Mara Ianze Kuchunguzwa Shuleni

Mwanafunzi wa sekondari mjini Musoma akiulizwa historia ya mkoa wake hutoa jibu lisilo na kasoro. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akaanza shule Mwisenge mwaka 1934, akaliongoza taifa, na mwaka 1999 akazikwa kwao. Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi mno kwa nchi yenye Wazanaki, Waikizu, Wasizaki, Wajita, Wakwaya, Waruri, Wakurya, Wajaluo na wengine wengi, ambao kila jamii ina habari zake za kuhama, njaa na mapatano na jirani. Tena hata ndani ya jibu hilo fupi mna mambo ambayo hupitwa bila kutazamwa.

Yatazamwe majina mawili tu. Neno nyerere kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi. Burito, baba yake Mwalimu, alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi, na waandishi wa maisha ya mwanawe hukadiria kuwa ilikuwa mwaka 1860. Mwana naye aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kwa nguvu. Mwalimu wa Biolojia anaweza kusimamisha somo hapo. Viwavijeshi hutokea kwa makundi makubwa hasa mvua za kwanza zinapofuata ukame: nondo huchukuliwa na upepo, hushuka pale mvua inaponyesha, na kutaga mayai penye majani machanga. Basi jina la mtu mmoja huwa dokezo la hali ya hewa ya wakati ambao Mara haikuwa na karatasi wala kipima mvua. Speke alifika Mwanza mwaka 1858 na kurudi alikotoka. Stanley aliupita mwambao huu kwa mashua mwaka 1875. Kuhusu mwaka 1860, msomi yeyote analazimika kuyategemea majina na masimulizi.

Jina moja halithibitishi kitu. Lakini wanafunzi 40 wakikusanya majina ya babu na bibi zao, pamoja na sababu ya kila jina, iwe ni njaa, nzige, vita au safari, darasa litakuwa na orodha inayoweza kulinganishwa, kukosolewa na kupangwa. Hiyo ni kazi ya kisayansi, na gharama yake ni daftari na kalamu.

Upangaji wa miaka nao una chombo chake cha jadi. Wazanaki, Waikizu na Wakurya walikuwa na mikondo miwili ya vizazi, Saai na Chuma, ambayo watu wake walipokezana dhamana ya nchi. Otto Bischofberger alichapisha kitabu kizima mwaka 1972 juu ya utaratibu huo kwa Wazanaki. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake huweza kueleza baba yake alikuwa wa kizazi kipi, na kizazi hicho kilipokea kutoka kwa kipi. Neno kung'atuka, ambalo Mwalimu aliliingiza katika siasa za taifa alipojiandaa kuacha Urais mwaka 1985, alilitoa katika Kizanaki, kwenye desturi ya wazee kuwaachia wadogo nafasi. Watanzania wengi hulitumia neno hilo bila kujua kwamba lina historia ya mahali.

Karatasi zilianza baadaye, nazo si chache. Oscar Baumann alipita nchi hii mwaka 1892, wakati sotoka ilikuwa imekwisha kuangamiza ng'ombe na njaa imeenea, na kitabu chake cha Kijerumani kilitoka mwaka 1894. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Shirika lao lilidai kila misheni iandike shajara ya kila siku. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934. Serikali ya Kiingereza nayo ilitunza vitabu vya wilaya, ambamo Mabwana Shauri waliandika juu ya koo, mila, mashamba, kodi na watemi. Kitabu cha Wilaya ya Musoma ni miongoni mwa nyaraka zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Anayetafuta habari za Butiama au Bunda katika mafaili ya wakati huo asishangae akikosa wilaya zenye majina hayo. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1963, Bunda ilipata wilaya yake baadaye, na Butiama mwaka 2012. Habari zao zimo chini ya Musoma, na mara nyingine chini ya Jimbo la Ziwa.

Hata hivyo mafaili hayo hayafai kusomwa kama msahafu. Waingereza walitawala kwa kupitia watemi, kwa hiyo walihitaji watemi, na aliyehojiwa alijua kwamba jibu lake laweza kumpa mjomba wake kiti. Katika nchi ambayo madaraka mengi yalikuwa mikononi mwa vizazi, wazee wa koo na waganga wa mvua, orodha ndefu ya watemi iliyoandikwa na Bwana Shauri inastahili kutiliwa shaka kabla ya kunakiliwa ubaoni. Masimulizi ya wazee nayo yana upande wake. Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti hapa kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2003 mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 2019 alionyesha kwamba wanaume husimulia zaidi habari za kabila na ukoo, na wanawake hukumbuka mahusiano yaliyovuka mipaka hiyo: nani aliolewa wapi, na nani alimpokea nani wakati wa njaa. Mwanafunzi anayemhoji babu peke yake hurudi na nusu ya habari.

Kinachopaswa kuwatia watu wasiwasi ni upotevu. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, vitabu vya hesabu vya wakulima wa pamba vilibaki bila mwenyewe. Daftari za mahakama za mwanzo, za shule na za vijiji huliwa na mchwa katika stoo zenye unyevu, au huchomwa ofisi inapopakwa rangi upya. Kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliacha matongo mengi, na leo mstari wa minyaa usiozunguka nyumba yoyote ndio ushahidi pekee kwamba mji ulikuwapo. Minyaa hukatwa, na mzee aliyejua mji ule ulikuwa wa nani hafufuki.

Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika bila kungoja fedha nyingi. Kwanza, nakala ya Kitabu cha Wilaya ya Musoma iwekwe mahali ambapo mwalimu wa Bunda anaweza kuifikia na kurudi siku hiyo hiyo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yangefaa sana, maana shule huzuru hapo kila mwaka na kuondoka zimeona kaburi na zawadi za viongozi. Pili, kila shule ya sekondari ianze daftari la historia ya mahali pake. Mahojiano yaandikwe pamoja na jina la msimuliaji akiridhia, tarehe, na lugha aliyoitumia, kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kufasiriwa. Mahali pa matambiko pasiingiwe bila idhini ya wenyewe. Habari za mipaka ya koo ziandikwe kwa uangalifu, kila upande ukisikilizwa, kwa kuwa huweza kufikishwa katika baraza la ardhi. Daftari likijaa zitolewe nakala tatu: moja ibaki shuleni, moja ipelekwe ofisi ya kijiji, na ya tatu Butiama.