Pesa ya damu: mtuonyeshe sheria



Mwaka 2015 mahakama ya kodi ya Marekani ilikata kesi ya mwanamke aliyelipwa dola 20,000 kwa kutoa mayai yake ya uzazi mara mbili. Alisema pesa ile ni fidia ya maumivu. Mahakama ikakataa: maumivu aliyakubali mbele, kwa mkataba, basi ni mapato, alipe kodi. Unaweza kukubali ao kukataa. Lakini kulikuwa mkataba, kulikuwa karatasi, kulikuwa hakimu wa kumusikiliza.

Njoo sasa kwetu. Mama amezaa, damu inatoka bila kukoma. Mtoto wa malaria amekuwa mweupe mikononi mwa mama yake. Daktari anaandika mfuko mmoja. Familia inakimbia kutafuta mtu wa kutoa, na pale mlangoni kuna kijana asiye na kazi, anayejua bei. Anauza. Ndani, familia inalipishwa tena: kipimo, mfuko, kisha « mambo ya ofisi ». Reçu? Hakuna.

Tuelewane. Kupima damu ni gharama ya kweli: SIDA, hepatiti B na C, kaswende, vyote vinapashwa kutafutwa, na friji inataka umeme usiku na mchana. Hatusemi watu wa maabara watumike bila mshahara. Lakini mwenye kuuza damu juu ya njaa ataficha ugonjwa wake, tena atarudi kuuza mbele ya miezi mitatu kuisha. Ndiyo sababu damu inapashwa kutolewa kwa hiari, bila malipo.

Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kama ile pesa ya « ofisi » ni kodi, mtuonyeshe sheria yake. Kama si kodi, ni wizi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tunadai bei zibandikwe mlangoni pa maabara, kila franka iwe na reçu, na serikali ilipie damu ya wamama wanaozaa, maana uzazi wa bure ulizinduliwa Kinshasa mwaka 2023 kwa kelele nyingi.

Sisi, tarehe 14 Juni, siku ya watoa damu, tutapanga mustari mbele ya hospitali. Tutatoa bure. Na kwa kila mfuko tutaomba karatasi.